Mfadhili, Mdhamini na Mwenye Mkeka: Nani Hulipia Sinema ya Mtaani?

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo magazeti huyachanganya kila inapofanyika shughuli kubwa: mfadhili na mdhamini. Mfadhili ni mwenye kutoa fadhila, na mwenye kutoa fadhila, hata akinyamaza, hungoja ashukuriwe. Mdhamini ni mwenye kuweka dhamana: mambo yakiharibika yeye ndiye husimama mahali pa mwenzake, na hasara humfika. Yule wa kwanza aweza kuondoka wakati wowote na hakuna wa kumlaumu, kwani hisani hailazimishwi. Yule wa pili akiondoka kabla ya wakati wake huwa amevunja ahadi. Lipo na neno la tatu, kongwe zaidi katika pwani hii, nalo ni kutuza, wengine wakisema kutunza. Mwimbaji wa taarabu akiufikia ubeti uliomchoma mtu moyoni, mtu huyo huinuka na noti yake mkononi, akaenda kuituza sauti mbele ya macho ya wote. Katika kitenzi hicho ndimo lilimozaliwa neno tuzo, ambalo siku hizi hukabidhiwa kwa bahasha na watu waliovaa suti.

Nimeanza na maneno kwa kuwa historia ya sinema ya kuonyeshwa uwanjani, katika nchi hizi, ni historia ya maneno hayo matatu yakigombea nafasi moja. Nami nimevutwa kuiandika kwa ajili ya Sinza, mtaa wa Dar es Salaam ulioipa Tanzania nyuso nyingi za filamu kuliko pengine mtaa mwingine wowote, na ambao haujulikani kwa tamasha la filamu la watu wake wenyewe.

Tuanzie mbali kidogo, huko milimani Usambara. Mwaka 1935, pahali paitwapo Vugiri, yalianza majaribio yaliyopewa jina la Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha nyingi zilitoka kwa Carnegie Corporation ya New York, na makampuni ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini nayo yakachangia. Msimamizi wa upigaji picha alikuwa Meja L. A. Notcutt, mtu aliyepata kusimamia mashamba makubwa katika Afrika ya Mashariki, naye G. C. Latham akashika upande wa elimu. Zilitengenezwa filamu fupi zaidi ya thelathini: za safura, za malaria ya watoto wachanga, za kodi, za kuweka akiba katika benki ya Posta. Kisha zikapakiwa katika lori pamoja na mashine ya umeme na kuzungushwa vijijini na mijini, kutoka Tanganyika hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watazamaji walikaa chini, hawakulipa kitu.

Kwa mtu aliyeitumia nusu ya umri wake kuhamisha maneno kutoka lugha hii kwenda ile, jambo la kuvutia kuliko yote katika majaribio yale ni sauti. Maelezo hayakuwa ndani ya mkanda wa picha. Yalirekodiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, ili picha moja iweze kusema na watu wengi. Sahani ilibadilishwa, lugha ikabadilika, lakini aliyeamua nini kisemwe alibaki kuwa ni yule yule. Fedha za Carnegie zilipokwisha mwaka 1937, serikali za kikoloni hazikukubali kuubeba mzigo, na shughuli ikafa papo hapo. Waliokuwa wakitazama hawakuulizwa kama wangependa iendelee, kama vile hawakuulizwa ilipoanza. Huo ulikuwa ufadhili kwa maana yake kamili.

Baada ya vita vikuu ikaja zamu nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg kutengeneza filamu za Kiswahili, miongoni mwao "Chalo Amerudi" na "Muhogo Mchungu". Aliyeng'ara humo alikuwa kijana aitwaye Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Wakubwa wa kikoloni walilipia filamu ili kumfundisha Mwafrika adabu za mjini, nao bila ya kutaka wakamfundisha kiongozi wao wa upinzani namna ya kusimama mbele ya umma. Mwenye kulipa hapati kila mara alichokilipia.

Kando ya sinema hizi za hisani zilikuwapo sinema za biashara, nazo ni habari tofauti kabisa. Unguja, jumba la Royal lilifunguliwa Vuga mwaka 1921 kwa mtaji wa mfanyabiashara Hassanali Adamali Jariwalla. Dar es Salaam ikaja kuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon, na Amana kule Ilala, na mwaka 1966 ikapata sinema ya kutazamia ndani ya gari, pahali ambapo leo pana ubalozi wa Marekani. Majumba hayo hayakumtegemea mfadhili. Yaliishi kwa tiketi, na kwa sababu hiyo mwenye jumba alilazimika kumsikiliza mwenye tiketi. Wanawake wa Unguja walipotaka maonyesho yao peke yao, waliyapata, kwa kuwa viti walivijaza. Filamu za Kihindi zilipopendwa, "Awara" ya Raj Kapoor mbele kabisa, ziliagizwa tena na tena, na nyimbo zake zikapenya hadi katika taarabu. Sisemi kwamba wafanyabiashara wale walikuwa mawalii. Nasema tu kwamba mtazamaji alikuwa na kauli, na kauli hiyo ilikuwa mfukoni mwake.

Yaliyofuata ni mashuhuri, nami sitakaa nayo sana: Tanzania Film Company iliundwa mwaka 1968 na baadaye ikapewa jukumu la uagizaji na usambazaji wa filamu, fedha za kigeni zikaadimika, mikanda ya video ikaingia, majumba yakafungwa moja baada ya jingine, mengine yakageuzwa maghala na makanisa. Televisheni za Bara zilipoanza mwaka 1994, miongo miwili baada ya ile ya Zanzibar, jumba la sinema lilikuwa limekwisha kuwa kumbukumbu ya wazee.

Na hapo ndipo Sinza inapoingia.

Sinza yenyewe, ukiitazama vizuri, ni mtaa uliozaliwa na mfadhili. Katikati ya miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja na huduma: ardhi ikapimwa, barabara zikachorwa, mabomba yakapitishwa, na mwananchi akapewa kiwanja ajenge mwenyewe kwa uwezo wake. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilikuwa katika awamu ya kwanza, na Manzese ikatengenezwa palepale ilipokuwa. Wapangaji wa mji waliandika vitalu kwa herufi na namba. Wakaazi wakayafuta hayo midomoni mwao na kutia majina yao: Kumekucha, Mori, Vatican, Palestina, Afrika Sana, Makaburini, na Kwa Remmy, kwa heshima ya mwanamuziki Remmy Ongala aliyeishi hapo na kufariki Desemba 2010. Mtu anayetaka kujua kama watu wanaweza kupokea msaada kisha wakaufanya kuwa mali yao, aisome ramani ya Sinza kwa majina yake ya daladala. Mtaa huo kwa miaka mingi ulihesabiwa chini ya Kinondoni, na tangu ilipoundwa wilaya ya Ubungo umo humo.

Filamu haikufika kwao kupitia jumba kubwa. Ilifika kupitia kibanda cha video: mabenchi, pazia jeusi mlangoni, televisheni moja, joto la kuoka mkate. Humo alizaliwa fundi ambaye wasomi walichelewa kumtambua, yule mwenye kuitafsiri filamu kwa sauti yake. Aliyejulikana kuliko wote Dar es Salaam ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu Lufufu, aliyechukua filamu za Hong Kong, Marekani, India na Nigeria na kuzisimulia kwa Kiswahili, akiwapa wahusika tabia za watu wa Manzese na kuongeza mzaha pale mtunzi alipokuwa mkavu. Uganda wanao watu wa namna hiyo hadi leo, wakiitwa VJ. Mimi niliyejifunza tafsiri bila ya darasa siwezi kumwonea haya mtu huyu. Kanuni zangu nyingi yeye alizivunja. Lakini mkumbuke msomaji ile sahani ya santuri ya Vugiri. Safari hii sauti ya Kiswahili ilikuwa ya mtu wa mtaani, na aliyelipwa kwa ajili yake alilipwa na waliokaa benchini. Huko ndiko kutuza.

Kutoka kibandani watu wakaanza kujipiga picha wenyewe. Mwaka 2003 ilitoka "Girlfriend" ya George Tyson, na baada yake ikawa mvua. Kamera ndogo, nyumba ya kuazima, siku chache za kupiga, kisha kanda, na baadaye diski, zikauzwa Kariakoo. Sinza ikawa makaazi ya waigizaji, ikawa mandhari, ikawa kijiwe cha kungojea kuitwa. Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984, aliishi Sinza Vatican, na hapo nyumbani kwake akafariki tarehe 7 Aprili 2012. Mazishi yake yaliifunga Kinondoni. Umati ule haukuitwa na tangazo la kampuni yoyote. Walikuwa ni watazamaji, waliomjua mtu kwa diski moja moja walizozinunua au kuazimana.

Lakini utazame msiba mwingine uliojificha ndani ya msiba ule: wengi wa waliomlilia hawakuwahi kumwona katika turubali kubwa. Jumba la kisasa la sinema lilifunguliwa Mlimani City, ng'ambo ya Barabara ya Sam Nujoma, mwendo wa miguu kutoka Sinza. Filamu za Sinza zilivuka barabara hiyo kwa nadra, na tiketi yake haikukadiriwa kwa mfuko wa mwenye kukaa benchini. Kwa hiyo mtaa ukawa unatengeneza sinema ambazo haukupata kuzitazama ukiwa pamoja. Mtu alitazama sebuleni kwake, peke yake au na jamaa zake wachache. Tamasha la mtaa ndilo lingeweza kuliziba pengo hilo.

Matamasha yapo, na kwetu visiwani tunalo lililo mama yao. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoundwa mwaka 1997 na kufanyika mara ya kwanza mwaka 1998, lilijiita Tamasha la Nchi za Jahazi, nalo likaweka turubali lake ndani ya Ngome Kongwe. Waarabu wa Omani waliijenga ngome hiyo kujikinga na Wareno. Sasa inawakaribisha wageni kwa tiketi. Hata hivyo fahari ya tamasha hilo, kwa maoni yangu, haikuwa Ngomeni. Ilikuwa katika maonyesho ya vijijini, Unguja na Pemba, ambako turubali lilisimamishwa uwanjani na watu wakaja na mikeka. Mwenye mkeka wake huja mapema, huchagua pahali, na kama filamu haimpendezi hukunja mkeka akaondoka. Hakuna mhakiki mwaminifu kuliko huyo.

Nani alilipia? Kwa miaka ya mwanzo mashirika ya nje yalikuwa na mkono mkubwa, miongoni mwao Ford Foundation na Hivos ya Uholanzi. Katika muongo wa 2010 ikaja Zuku, kampuni ya televisheni ya kulipia yenye makao Kenya, na chini ya jina lake zikatolewa tuzo za filamu za Bongo. Hapo mabadiliko yalikuwa ya kweli: filamu za Sinza, ambazo awali zilitazamwa na wenye matamasha kwa jicho la pembeni, zikapewa mlango wao rasmi. Mfadhili wa Ulaya au Marekani alipenda filamu yenye funzo. Mfanyabiashara alipenda filamu yenye watazamaji. Kila mmoja alileta neema na upofu wake.

Kuna ushahidi wa kutosha wa kinachotokea mwenye fedha akiinuka kitini. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza hapa Unguja mwaka 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, japo watu walikuwa wamelizoea kama mwezi wa Februari wenyewe. Bara, tuzo za muziki zilizobeba jina la bia ya Kilimanjaro zilisita baada ya 2015, zikakaa kimya miaka kadhaa hadi zilipofufuliwa kwa mkono wa serikali na kutolewa tena mwaka 2022. Muziki haukusita hata siku moja. Kilichosita ni hafla iliyokuwa imebeba jina la mtu mwingine. Na katika tamasha la filamu sehemu ya kwanza kukatwa si hafla ya ufunguzi, wala chakula cha jioni cha wageni. Hukatwa gari la kwenda kijijini, kwa kuwa kijijini hakuna tiketi wala mpiga picha wa gazeti.

Mwaka 2013 kule Tanga, katika uwanja wa Tangamano, lilifanyika tamasha la wazi la filamu chini ya jina la Grand Malt, kinywaji kisicho na kilevi cha kiwanda cha bia. Mwaka 2018 Azam, kupitia chaneli yake ya Sinema Zetu, ilianzisha tamasha lililoonyesha filamu katika televisheni na kuwaachia watazamaji wapige kura za baadhi ya washindi. La Tanga lilikuwa na uwanja; la Azam lilikuwa na kura. Laiti vitu viwili hivyo vingekutanishwa pahali pamoja! Wenzetu wa Rwanda, kuanzia 2005, walizunguka vijijini na turubali la kupulizwa upepo, filamu kwa Kinyarwanda. Kampala, tamasha la Amakula lilipoanza mwaka 2004 halikuona aibu kuwapandisha jukwaani wale VJ wa vibandani.

Sasa turejee Sinza na tuulize swali lenyewe: je, mtaa ule unaweza kujilipia? Msomaji wa haraka atasema watu hawana fedha. Nami nitamwalika ahudhurie kikao cha harusi Dar es Salaam. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kadi za michango, vikao vya kila wiki, na wajumbe wanaopiga simu kwa wadaiwa bila ya haya. Kwa muda wa miezi mitatu kamati hiyo huokota mamilioni kwa ajili ya usiku mmoja. Ujuzi upo, na fedha zipo.

Lakini tusijidanganye, kwani hapa ndipo penye fundo. Mchango wa harusi si sadaka. Ni deni linalozunguka. Namchangia bwana fulani leo kwa kuwa jana alinichangia, au kesho mwanangu ataoa. Tamasha halina mtoto wa kuoza. Anayelichangia hana kadi atakayoirudisha, na kwa hiyo mfano wa harusi hautoshi peke yake. Nadhani kilicho karibu zaidi ni klabu zetu za taarabu. Nadi Ikhwan Safaa imekuwapo tangu mwaka 1905, na haikuishi umri huo kwa hisani ya wafalme peke yao, ingawa Masultani waliipenda taarabu. Klabu huishi kwa wanachama: ada, mazoezi, ugomvi, suluhu, na usiku wa kutuzana. Mwanachama huweka dhamana. Siku ya hasara naye yumo katika hasara.

Ikiwa wapo Sinza watu mia wa namna hiyo, kampuni ije na iandike jina lake kwenye bango, sina tatizo nalo. Nina masharti mawili tu, na yote yanatokana na historia niliyoieleza. Kwanza, uchaguzi wa filamu usiwe katika mkataba wa mwenye fedha. Awe na viti vya mbele akipenda, lakini asiwe na sahani ya santuri. Pili, fedha za mtaa, hata zikiwa chache, ziwe ndizo zinazolipia mambo ambayo bila ya hayo hakuna onyesho: turubali, projekta, spika, mafuta ya jenereta, kibali, na ujira wa mwenye filamu. Kampuni ilipie mapambo, fulana, na wageni wa heshima. Siku ikiondoka, ziondoke fulana.

Uwanja nao ni mtihani. Ramani ya viwanja na huduma iliacha nafasi za wazi, na nafasi nyingi za namna hiyo katika mji ule zimekwisha kumezwa na kuta. Zimebaki skuli. Na vifaa, kinyume cha watu wanavyodhani, si vya kuagiza Nairobi wala Dubai: wapiga video za harusi wa Sinza na Kinondoni wanazo projekta na spika, na kumbi zina viti. Harusi nyingi hufanyika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kuanzia Jumatatu hadi Alkhamisi vitu hivyo vimefunikwa mashuka stoo, vikingoja.